Mti wa Kubebea Maji na Mtoto Aliyeitwa Nusu

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu katika shule hii ya nasari, kwa sababu kwenye hotuba watu walitaja vyeo, na vyeo mimi sikuwa navyo. Mmoja wenu akaongeza swali. Aliuliza kwa nini siku fundi alipokuja kutengeneza geti, nyinyi nyote mlicheka jina lake, na mimi nikatoka nje bila kumaliza chai. Nitayajibu yote mawili pamoja, maana ni habari moja.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alikuwa mkamuaji katika banda la maziwa la mzungu, upande huu wa Munyaka, wakati hapa hapakuwa na nyumba za kupanga, ni ngano na ng'ombe tu. Kifua kilimmaliza, na mama akamfuata kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi lake. Nikabaki na Wafula, Simiyu, na Nafula aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa darasa la nne. Jumatatu iliyofuata sikurudi shule, wala hakuna aliyekuja kuuliza. Wakati ule mtoto kuacha shule ilikuwa kama mvua kuacha kunyesha. Watu waliona tu kwamba imekwisha.

Uhuru ukaja, mzungu akauza, akaenda zake. Shamba lilinunuliwa na kampuni ya watu waliochanga hisa, wengi wao kutoka upande wa Mlima Kenya. Sisi wa magharibi tuliokuwa vibarua humo tulibaki kwa ruhusa yao. Kila mwenye hisa alichota karatasi kwenye kofia, karatasi ilikuwa na namba, na namba ikawa shamba lake. Iliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kigingi. Kwa muda mrefu watu wa hapa wakikutana njiani hawakuulizana majina. Waliulizana, "Wewe ni namba gani?"

Akina mama wakataka mahali pa kuwaacha watoto wakienda kulima, wakapewa lile banda la maziwa. Mwalimu Tabitha, mwanamke mrefu aliyefundishwa kazi ya watoto na watu wa misheni, akapewa darasa. Alitafuta msichana wa kuchemsha uji na kufuta makamasi. Nilifika na Nafula mgongoni. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama najua watoto, nikamwambia ninao watatu nyumbani na sikumzaa hata mmoja. Akanitazama kidogo. "Basi washa moto," akasema.

Sakafu ya banda ilikuwa ya saruji, na katikati palipita mfereji wa kutolea mavi ya ng'ombe. Watoto waliupenda mfereji ule kuliko chochote tulichowafundisha. Nafula alianza kutambaa humo ndani huku akiniita Dada, na wengine wakadhani hilo ndilo jina langu. Kufikia wakati wa uji nilikuwa Dada wa shamba zima. Mpaka leo wazee wenye mvi huniita hivyo sokoni, na wake zao hugeuka kunitazama vizuri.

Kifaa kilichonifundisha kazi hii hakikuwa chaki. Kilikuwa mti wa mkaratusi, mnene kama mkono, ambao Mwalimu Tabitha aliuchonga mwenyewe kwa panga. Watoto wawili wakipigana hakuwauliza nani alianza. Alisema swali hilo linazaa mawakili. Alitundika debe katikati ya mti, akawapanga wale wawili, mfupi mbele na mrefu nyuma, mti begani kwa kila mmoja, akawatuma mtoni na mimi nyuma yao. Sasa, debe la maji halikai katikati. Huteleza likamwendea aliye mfupi. Yule mrefu asiponyoosha mkono kulivuta upande wake, mwenzake ataelemewa, atapiga magoti, na maji yatawalowesha wote wawili, na watarudi kuteka upya. Mimi nilikatazwa kusema neno. Walifika darasani wamelowa, wamechoka, na mara nyingi wanacheka. Mkiutumia, debe lisijae, na msiwatume siku ya matope.

Kazi yetu ina makosa yanayofanana sana na akili, na sasa nawaelezea moja. Wenzetu wa Mlima Kenya humpa mwana wa kwanza jina la baba wa baba yake. Ni desturi nzuri, maana babu hapotei. Lakini darasani ilituletea akina Kamau wengi, akina Njoroge wengi, na Wanjiru ukimwita mmoja ukuta mzima unaitika. Mwalimu Tabitha akapata njia. Kila mtoto akawa anaitwa kwa jina lake na namba ya shamba la baba yake. Wanjiru wa kumi na tisa. Kamau wa thelathini. Wazazi walifurahi sana, kwa sababu mtoto akipotea kwenye mahindi, yeyote atakayemwokota atajua pa kumpeleka. Ndugu zangu hawakuwa na namba, kwa hiyo waliitwa "wa Dada", nao wakaridhika. Sikuona ubaya. Hakuna aliyeuona.

Januari moja wakaja Njoroge wawili kutoka shamba namba hamsini na nane. Baba zao walikuwa ndugu, wana wa mzee mmoja, na kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la yule mzee, kama inavyotakiwa. Ndugu mkubwa aliitwa Kariuki. Mdogo alikufa kabla ya kura ya mashamba, akaacha mjane, Wangari. Hisa ile waliichanga wawili, Wangari nusu na shemeji yake nusu, lakini namba iliandikwa kwa jina la mwanamume. Wangari alijengewa chumba nyuma ya ghala la mahindi, akawa analima na kunyamaza.

Asubuhi ile Mwalimu Tabitha akaita, "Njoroge wa hamsini na nane." Wakasimama wawili. Darasa likacheka, na mwalimu naye akatabasamu. Ndipo Njoroge wa Kariuki, mtoto mwenye mabega na sauti ya mtu mzima, akasema kwa utulivu kabisa, kama anayesaidia, "Mwalimu, huyu si wa hamsini na nane. Baba alisema mama yake ni wa nusu."

Tulikuwa na watoto wengi, na uji ulikuwa unafurika. Mwalimu Tabitha akasema haya, huyu wa hamsini na nane, yule wa nusu, tuendelee. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Alitaka kumaliza kuita majina.

Watoto hawasahau kitu kilichosemwa na mwalimu. Kufikia saa ya uji jina lilikuwa Nusu. Kesho yake lilikuwa sheria. Wakimpokelea kikombe, wanamwaga kiasi mferejini, wanampa kilichobaki: "Nusu hupewa nusu." Kwenye benchi aliachiwa mahali pa tako moja. Wakicheza mpira wa matambara, aliruhusiwa mpaka katikati ya mchezo, kisha anaambiwa muda wake umeisha. Mama yake alimnunulia gambuti kwa ajili ya mvua, na alikuwa mmoja wa wachache waliovaa viatu. Siku ya pili gambuti moja ilitupwa chooni. Akaenda nyumbani na moja, na siku iliyofuata akaja na ile ile moja, kwa sababu mama yake alisema haiwezi kukaa bure.

Mwalimu Tabitha alipojua, alimchapa Njoroge wa Kariuki fimbo za mkononi. Mtoto hakulia. Aliporudi kukaa nilimsikia akimwambia jirani yake, "Hii haiumi. Ya baba ndiyo huuma." Mkikumbuka sentensi moja tu katika haya yote, kumbukeni hiyo. Tulidhani tunamfundisha kuacha kupiga, na tulikuwa tunamfundisha kwa kumpiga, kwa fimbo iliyo nyepesi kuliko ya nyumbani.

Nikaomba niwape wale Njoroge wawili mti. Siku ya kwanza walirudi wamelowa na wamenuniana. Siku ya pili debe lilimwelemea yule mdogo, mwana wa Wangari, mpaka shingo ikapinda, akaanguka kwenye majani, na hakulia, alikaa tu pale. Yule mkubwa akamtazama muda mrefu. Siku ya tatu, tukipanda kutoka mtoni, nikaona mkono ukinyooka. Alishika waya wa debe akalivuta kifuani kwake, akatembea hivyo njia nzima, ameuma midomo. Hakuna aliyemwambia. Wiki ile walikuwa wakiomba wenyewe kutumwa maji. Nilisikia mmoja akimfundisha mwenzake kupiga mluzi. Kwenye uji, kikombe kilifika kimejaa.

Kisha Kariuki akapita na baiskeli karibu na daraja, akawakuta. Alisimama, akashusha mti kutoka begani kwa mwanawe, akaulaza chini. Aliniambia bila hasira kwamba mtoto wake hakuja shule kufanywa mpagazi, tena pamoja na mtoto wa kukaa nyuma ya ghala. Wale watoto walisimama wakisikiliza. Jioni ile, nilielezwa baadaye, mkubwa alichapwa kwa kukubali kuonekana mjinga. Kesho yake alimwaga uji wote wa mdogo, si nusu.

Haikupita muda, Mwalimu Tabitha akaenda mjini, nikaita majina mimi. Nilitaka kuanza kuacha namba. Nikasema, "Njoroge wa Wangari." Kimya. Nikarudia. Alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama. Nikamwendea, nikachutama.

"Si nimekuita?"

"Hujaniita, Dada," akasema kwa adabu. "Mimi si Njoroge. Njoroge ni yule."

Jumamosi nikaenda hamsini na nane. Bibi yao, Cucu, alikuwa amekaa juani akichambua maharagwe. Wangari alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni kwake na hakuinua macho. Kariuki alinikaribisha ndani, akaniagizia chai. Nawaambia hivyo msije mkadhani alikuwa mtu mbaya.

Nikamweleza yaliyokuwa yakitendeka. Akasema watoto hucheza. Nikasema mtoto amesahau jina lake. Akasema mwanawe atajifunza kusimama. Yeye amemwambia tangu alipoanza kutembea: "Ukipigwa usiniletee machozi. Rudi umepiga." Nikasema, Mzee, hakuna anayempiga mwanao, kwa hiyo inabidi atafute.

Akakasirika sasa. "Wewe ni msichana. Huna mume, huna mtoto, huna namba. Utanifundisha kulea?"

"Nina watatu, Mzee. Hawana mtu wa kuwaletea machozi isipokuwa mimi. Wakija nayo, nayapokea, halafu nauliza kulikuwa nini. Simiyu aliwahi kumrushia mwenzake jiwe. Sikumchapa. Nilimpeleka kwa yule mtoto, akakaa naye mpaka kidonda kikaoshwa. Ilichukua mchana wangu wote."

Akazungusha kikombe. Kisha akaniambia kitu ambacho nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Alisema alipokuwa mdogo, kwenye kambi ya vibarua wa mzungu, alipigwa na wakubwa kila siku, na alilia mpaka sauti ikakauka. "Hakuja mtu. Nikajua kulia ni kazi bure. Simtaki mtoto wangu aijue kazi hiyo." Alikuwa anampa mwanawe kitu pekee kilichomwokoa yeye.

Cucu alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Kwa desturi yao, bibi humwita mume wake mjukuu aliyepewa jina la mumewe, kwa utani na kwa upendo. Akasema kwa sauti ya kutosha, "Hao wawili wote ni mzee wangu. Mimi niliolewa na mtu mzima. Sikuolewa na nusu."

Kariuki akacheka kidogo, nami nikacheka, na nikadhani labda mlango umefunguka. Nikatoka nikamwendea Wangari. Nilitaka kumwambia mtoto anahitaji kusikia jina lake kwake kwanza. Hakuniacha nimalize. "Dada, usituletee maneno," akasema polepole. "Tuko kwa watu." Mtoto alikuwa amekaa nyuma yake, na bila kugeuka mama akanyoosha mkono akamfunika mdomo, ingawa hakuwa amesema chochote.

Nilirudi nikipita kwenye mahindi, sentensi mbili kichwani mwangu. Rudi umepiga. Nyamaza, tuko kwa watu. Kwenye shamba moja, nyumba mbili, kila jioni, mtoto mmoja alikuwa anaandaliwa kupiga na mwingine anaandaliwa kupigwa, na wazazi wote wawili walifanya hivyo kwa mapenzi. Sisi shuleni tuliwakutanisha tu asubuhi.

Likizo ya Agosti ilipoisha, Wangari hakuwapo wala mwanawe. Walisema yeye na shemeji yake walisemezana juu ya mavuno, akafunga mizigo akaenda mjini kukaa chumba cha kupanga mtaa wa Huruma, akifulia watu nguo. Nilimtafuta mara kadhaa siku za soko. Huruma ni kubwa, na nilikuwa na watoto wa kurudia nyumbani.

Mwalimu Tabitha alifuta namba zote. Hakutoa hotuba. Asubuhi moja aliita watoto kwa majina ya mama zao: Njoroge wa Njeri, Wanjiru wa Mumbi. Baadhi ya akina baba walilalamika kwenye mkutano wa kampuni kwamba sasa hata watoto wamenyang'anywa. Hakurudi nyuma. Alinifundisha pia jambo la pili, ambalo nililifanya mpaka siku niliyostaafu, na naona baadhi yenu mmelichoka. Kila mzazi mpya tulimkalisha kwenye benchi la watoto, magoti kidevuni, tukamuuliza: mtoto wako akija analia, unamwambia nini? Msimkosoe. Sikilizeni tu jibu, mtajua mtoto huyo atakaa wapi darasani. Kisha mwombeni kitu kimoja. Jioni asimuulize mtoto, "Nani amekugusa?" Amuulize, "Leo umecheza na nani?" Na akitajiwa mtoto aliyeachwa peke yake, aulize tena kesho habari za yule. Mtoto hutazama kile anachojua ataulizwa. Nyumba inayouliza habari za walioachwa haileti mpigaji, au ikimleta, hakawii kuacha.

Kariuki alizeeka, akawa mtu wa kukaa mbele kanisani. Mwanawe alikuja miaka mingi baadaye akimshika mkono msichana mdogo wa kwake. Alikaa kwenye benchi, magoti kidevuni, nikamuuliza swali. Mtoto akaanza kumvuta. "Sijui, Dada," akasema. "Mimi huondoka chumbani." Alipofika mlangoni akageuka. "Ukisikia anawapiga wenzake, niite mimi. Usimwite guka wake, baba yangu." Hakumtaja binamu yake, nami sikumtaja.

Sasa geti. Muhula wangu wa mwisho mlimleta fundi kutoka Huruma, mwanamume mwembamba mwenye mashine ya kuchomelea. Mmoja wenu alimpelekea chai, akarudi akicheka. "Eti anaitwa Fundi Nusu. Ameandika hata kwenye sanduku la vyuma." Mkacheka. Mtu akauliza ile nusu nyingine iko wapi. Hamkukosa. Mlicheka kama tulivyocheka sisi. Mimi nikatoka.

Alikuwa ameinama akichomelea, amenipa mgongo. Alipozima nikasema, "Njoroge." Akachukua kipande kingine cha chuma. Nikasema, "Njoroge wa Wangari." Akapima chuma kwa kidole, akakiweka chini, akachukua kingine. Alikuwa ananisikia kama mtu anavyosikia jirani akiitwa. Lile jina jingine nilijua lingemgeuza mara moja. Sikuweza kulitoa mdomoni. Nikazunguka geti nikaenda kusimama mbele yake mpaka akainua macho.

Akanitazama sana. Akavua miwani.

"Dada," akasema.

Aliniambia mama yake alishazikwa. Ana watoto wawili. Nikamuuliza kwa nini aliandika jina lile kwenye sanduku. Alisema huko mjini walimjua kwa hilo kwa sababu alijitambulisha hivyo mwenyewe, na fundi hawezi kubadilisha jina wateja wakishalizoea. Hakusema kwa uchungu. Kisha akauliza kama bado tunateka maji kwa ule mti. Nikamwambia kuna bomba sasa, lakini mti uko nyuma ya mlango. Akaomba auone.

Aliingia darasani, akachutama, akapitisha kidole pale katikati ambapo waya za debe zimechimba kwa miaka mingi, kisha akakitelezesha polepole mpaka upande wa nyuma.

"Ile wiki alikuwa analivuta kwake," akasema. "Mimi nilikuwa mbele, sikuona. Nilisikia tu uzito umepungua. Nikadhani ameshakuwa ndugu yangu."

Akaurudisha mti nyuma ya mlango, akaenda kumaliza geti. Ndiyo maana sikurudi kwenye chai.

Mti bado uko pale. Waya mbadilishe, una kutu. Mfupi awe mbele, mrefu awe nyuma, nanyi msiseme neno. Na mzazi akipita akataka kuushusha, simameni katikati ya njia. Mimi siku ile ya daraja nilisogea kando, nikampisha.